Baba Tunduma Aingia Ofisini

Mtaani kwetu Kibamba mume wangu anaitwa Baba Tunduma. Mtoto wa jina hilo hatuna. Jina lilitoka kwa majirani, maana kila walipomuulizia waliambiwa ameenda Tunduma, yuko Tunduma, au ndiyo kwanza anatoka Tunduma. Na mimi nikabatizwa humo humo, nikawa Mama Tunduma. Wanaoijua njia watacheka, kwa sababu kwa dereva wa Kongo Tunduma ni nusu tu ya safari. Kutoka Dar es Salaam hadi pale ni zaidi ya kilomita 900. Ukishavuka Nakonde una Zambia ya kuikata mpaka Kasumbalesa, na Kasumbalesa kuna foleni ambayo mtu anaweza kufua, kuanika, kuanua na kupiga pasi kabla lori halijasogea. Kwenda alipeleka salfa ya migodini, kurudi alileta shaba. Ada za shule za wanetu zimelipwa na salfa. Bati za nyumba tunayolala zimetoka kwenye shaba.

Kisha mgongo ukamkataa. Daktari alizitazama picha za uti wa mgongo, akasema kukaa kwenye kiti cha lori sasa basi. Kampuni, kwa kuthamini utumishi wake na kwa kuwa njia ile anaijua shimo kwa shimo, ikamtoa kwenye kiti cha lori ikamkalisha kwenye kiti cha ofisi, kitengo cha operesheni, yadi ya Kibaha. Kukaa kunatibiwaje kwa kukaa? Niliuliza, nikajibiwa kwamba kiti cha ofisini kinazunguka.

Aliyeumia zaidi ni mama mkwe. Marehemu mumewe alikuwa dereva wa Fiat enzi za Barabara ya Jehanamu. Vijana wengi hawaijui habari hiyo. Mwaka 1965 walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru wao, Zambia ilijikuta njia yake ya kusini haiaminiki tena, na mafuta ya kuendeshea nchi yakaanza kupita kwetu kwa malori, kwenye udongo mtupu. Reli ya TAZARA bado, lami bado. Masika ni tope, kiangazi ni vumbi, na magari yaliyopinduka yalibaki kando ya njia kama onyo kwa wanaofuata. Mama mkwe ameolewa, amezaa na amengojea katika barabara hiyo. Alipoambiwa mwanawe siku hizi anavaa tai, alinyamaza, akabana ugoro, ndipo akasema: "Baba yako hakulipwa hata siku moja kwa kukalia kitu kisicho na injini."

Mimi shida yangu ilikuwa ya chini zaidi, ya jikoni. Mke wa dereva haishi kwa mshahara. Anaishi kwa posho ya safari na kwa kile kinachoteremka kwenye kebini. Baba Tunduma hakurudi mikono mitupu: vitunguu vya Ruaha Mbuyuni, nyanya za Ilula, viazi alivyovinunua Makambako, mchele wa Mbeya unaonukia tangu getini. Nilikuwa nawagawia majirani, ndiyo maana hakuna aliyelalamika kichwa cha lori kilipoziba uchochoro. Mwisho wa mwezi wa kwanza wa ofisini alirudi na kalenda ya kampuni na kalamu mbili. Kalamu hazichemshwi. Mshahara ulikuwa umeongezwa kidogo na posho imefutwa yote, na kwa hesabu ya daftari langu tulikuwa tumepanda cheo tukashuka kipato. Wanaume wakipongezana kwa kuhamia ofisini hawaisemi sehemu hii.

Kazi yenyewe, niseme haki, anaiweza. Ana skrini mbili. Kwenye moja kuna ramani na malori ni vidoti: cha kijani kinatembea, chekundu kimesimama. Kwenye nyingine kuna karatasi zote ambazo dereva huzijua pale tu zinapokosekana: hati ya forodha ya mzigo unaopita kwenda nchi nyingine, bima ya kadi ya njano ya huko ugenini, tarehe ya kurudisha kontena tupu kabla wenye meli hawajaanza kutoza kwa siku. Halafu kuna uzito. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 inataka gari na mzigo wake visizidi tani 56, lakini kila ekseli nayo ina kikomo chake. Kwa hiyo lori laweza kuwa halali kwa jumla na bado likakamatwa mizani ya Vigwaza kwa sababu mzigo umelalia nyuma. Vijana wa chuo aliowakuta pale walilijua hilo kwa kusoma. Yeye analijua kwa kulala mizani.

Na uongo wa madereva anaujua, maana mwingi aliutunga mwenyewe. Kijana akipiga simu kwamba radieta imechemka Kitonga, Baba Tunduma anatazama kidoti, anakiona kimetulia Ruaha Mbuyuni, anamwambia taratibu: "Mdogo wangu, hivyo vitunguu chagua vilivyokauka shingo, vibichi vitakuozea kabla ya Chalinze." Wanamwogopa kuliko trafiki.

Balaa ni kwamba operesheni haikubaki Kibaha. Ilipanda daladala ikaja nyumbani.

Akiwa safarini, nyumba ilikuwa na rais mmoja, na rais huyo alikuwa mimi. Yeye alikuwa mgeni wa heshima: anafika, anachinjiwa kuku, anapewa rimoti, analala, keshokutwa anaondoka watoto wakilia. Sasa akawa anarudi kila jioni, na mtu anayerudi kila jioni hachinjiwi kuku. Hilo lilimkata maini. Mwanzoni alitulia akisoma mazingira. Baadaye akaanza kuona kile alichokiita mapengo ya usimamizi.

Hela ya sokoni ikageuka masurufu: nasaini kupokea, narejesha na risiti. Nilimwomba risiti mama wa mchicha, akaniongezea fungu moja la bure akidhani nimechanganyikiwa. Watoto wakitumwa dukani wanatakiwa kupiga simu wakifika na kupiga tena wakiondoka. Binti yetu mkubwa, ambaye ulimi kaurithi kwa bibi yake, alimpigia siku moja: "Baba, nimefika dukani. Duka limefungwa. Naomba kibali cha kurudi tupu." Na kila alfajiri mume wangu alizunguka nyumba akikagua kwa kugonga, tabia ya madereva wote kabla ya kuondoa gari. Matairi hatuna, kwa hiyo aligonga miguu ya kochi, simtanki na mtungi wa gesi. Mtungi siku moja ulimjibu mtupu, chai ikiwa haijachemka. Akanigeukia: "Kwa nini operesheni haikuarifiwa?"

Katika miaka yote ya udereva hakuna alichokichukia kama simu ya ofisi. Uko wapi? Umefika wapi? Mbona umesimama? Alikuwa anazima simu akifika Doma, anaiwasha ameshaipita Mikumi, anaapa kwamba mle hifadhini mtandao haukamati na tembo walikuwa wamelala barabarani. Tembo wa Mikumi wamesingiziwa mengi. Sasa simu ile ile anaipiga yeye, na siyo kwa madereva tu. Niko saluni kichwa kimejaa povu, napigiwa: uko wapi, umefika wapi, mbona umesimama?

Ikaja sendofu ya mdogo wangu wa mwisho. Uwanja kwetu upo, tukaamua ifanyike nyumbani, mchana. Chakula kipikwe Tandika kwa mama mkwe, ambako kuna kikundi cha akina mama wapishi wenye masufuria ya kuogea mtu mzima, kisha kiletwe Kibamba. Kazi ya kirikuu kimoja na kijana mmoja, na kijana nilikuwa nimeshaongea naye. Baba Tunduma akasema, "Mke wangu, usafirishaji niachie mimi."

Nikamwachia. Ungefanyaje? Mtu ana skrini mbili.

Kuamkia siku yenyewe ukuta wa sebule ulikuwa na karatasi ya safari: kuondoka Tandika saa tano, kushika Barabara ya Mandela, Buguruni, Tabata, chini ya Daraja la Kijazi pale Ubungo, Kimara, Mbezi, kufika saa saba kasorobo. Hakuna kuchepuka. Dereva alipewa posho akasaini. Halafu likaja suala la lakiri. Mume wangu alihofia nyama isije ikachotwa njiani. Kwenye makontena, akanielimisha, ukishafunga lakiri yenye namba hakuna anayegusa mpaka afike mwenye mzigo; namba ikilingana na ya kwenye karatasi, watu wanalala. Akatoa lakiri za plastiki za njano alizozinunua Kariakoo, akazikabidhi kwa utingo wa kirikuu, kijana ambaye hadi juzi alikuwa anatembeza karanga, azifunge kwa waya kwenye masufuria matatu makubwa: pilau, kuku na mchuzi wa nyama. Wifi yangu akapewa geti na amri moja: hakuna kushusha mzigo bila saini ya kaka yake. Wifi yangu huyu ni mtu wa kutii. Alitiishwa na mama mkwe.

Upande wa bwana harusi wakaanza kuingia kabla ya saa waliyoalikwa, jambo ambalo Dar es Salaam hulioni. Kirikuu kilikuwa kimenasa Tabata. Baba Tunduma akapiga simu. Akapiga tena. Uko wapi? Umefika wapi? Mbona umesimama? Kijana alijibu kwa adabu, akaomba akate Segerea na Kinyerezi atokezee Mbezi kwa Malamba Mawili, maana Mandela haisogei. Akaambiwa njia hiyo haimo kwenye mpango. Simu iliyofuata ikajibiwa na yule dada wa mtandao: mteja unayempigia hapatikani.

Nilimtazama mume wangu usoni. Alijua vizuri kabisa kilichotokea.

"Huyu mtoto kazima," akasema.

"Tembo hao," nikamjibu.

Mwenye utulivu angekaa akangoja. Yeye aliita bodaboda, akapanda na suti yake, akaelekea Ubungo kulitafuta gari. Nadhani alikuwa hajafika Kimara kirikuu kilipotia breki getini kwetu, kimepita Kinyerezi, kimewahi kuliko karatasi ya ukutani.

Wifi akasimama katikati ya geti mikono kiunoni.

"Saini, wifi."

"Mwenye saini ameenda Ubungo kulitafuta gari hili hapa unaloliona."

"Basi tumsubiri. Kaka ameagiza."

Nilimpigia, yuko juu ya bodaboda, hasikii. Jua la saa saba lilikuwa juu ya mifuniko. Wageni walikuwa wanayaona masufuria kupitia nondo za geti, na mshenga, mzee wa watu, alikuwa ameanza kumeza mate waziwazi. Emsii nilimwambia avute muda. Akatambulisha wazazi, akatambulisha wajomba, akaingia kwa mabinamu, akafika kwa watu ambao hata sisi hatukuwa tunajua ni ndugu zetu.

Aliyeipindua serikali ni mama mkwe. Alikuwa amekuja mbele kwenye kirikuu, na alikuwa anajitengeneza kitenge taratibu. Alishuka, akaomba kisu, akamsogeza binti yake pembeni kwa kiwiko, akakata lakiri ya kwanza. Pilau. Vigelegele. Akakata ya pili. Kuku. Vigelegele vingine. Akakata ya tatu, akafunua, akafunika haraka.

Ndani mlikuwa na miiko, sahani chafu, maganda ya vitunguu na beseni la kunawia. Utingo alikuwa ametii: aliambiwa afunge masufuria matatu makubwa, naye akafunga matatu makubwa aliyoyaona. Mchuzi wa nyama, uliogharimu kuliko gauni la bibi harusi, ulikuwa bado uko Tandika juu ya mafiga, unatokota.

Hapo ndipo simu ya Ubungo ikaingia. Nikamweleza yote kwa pumzi moja. Akauliza jambo moja tu.

"Hiyo lakiri ya tatu, ilikuwa imekatwa?"

"Haikuwa imekatwa. Mama kaikata sasa hivi."

"Namba?"

Nikamsomea namba, wageni wakinitazama. Nikasikia anashusha pumzi upande wa pili.

"Basi lakiri iko salama," akasema.

Ndivyo ulimwengu wao ulivyo, ndugu msomaji. Kontena likifika limejaa mchanga badala ya bidhaa, ila lakiri ni nzima na namba inalingana, msafirishaji ana pa kujitetea, atafutwe aliyepakia. Nilikuwa na uwanja umejaa watu, pilau bila mchuzi, na mume anayejivua lawama kitaalamu chini ya daraja.

Lakini sitamnyima haki yake. Simu yake ina ile ramani ya vidoti, na akiwa amesimama pale Ubungo alikiona kimoja cha kijani upande wa Temeke: kichwa cha lori kisicho na tela, kimeshusha Kurasini, kinarudi yadi. Aliyekuwa kwenye usukani ni utingo wake wa zamani, aliyemfundisha gari mwenyewe huko Makambako kwenye baridi. Kijana hakuuliza maswali. Alipinda Tandika, akina mama wakampakilia sufuria, akalilaza, samahani, akalisimamisha juu ya kitanda cha dereva nyuma ya viti na kulikaza kwa mkanda wa kufungia mizigo. Akashika Mandela, ambayo kwa wakati huo ilikuwa imefunguka, akamdaka Baba Tunduma Ubungo, akaja zake Kimara, Mbezi, kituo kwa kituo kama karatasi ilivyosema, isipokuwa saa.

Tulisikia honi kabla ya kuliona. Kichwa kile kilichotengenezwa kuvuta mzigo wa shaba kutoka Kongo kiliingia uchochoro wetu na sufuria moja la nyama, na Baba Tunduma amesimama kwenye ngazi ya kebini, suti imepata mchuzi bega la kushoto, mkono mmoja umeshika kioo. Wifi akakisimamisha getini, akatoa kitabu. Kaka yake akasaini akiwa huko huko juu. Uwanja ulilipuka. Upande wa bwana harusi mpaka leo wanaamini ilikuwa sehemu ya shughuli, na mshenga aliniuliza tunakodi kwa bei gani. Mama mkwe ndiye niliyemtazama zaidi. Aliinuka kwenye kiti chake, akapiga kigelegele kimoja kirefu, kisha akakaa akajifuta macho kwa upindo wa khanga.

Jumatatu ilikuwa na yake. Asubuhi mfumo wa ofisi ulitoa taarifa ya gari lililosimama Kibamba mahali pasipoidhinishwa, baada ya kuchepuka Tandika pasipo sababu. Taarifa za namna hiyo huenda kwenye meza ya operesheni, ambayo ni meza ya mume wangu. Kwa mujibu wa utaratibu alimwandikia dereva barua ya kujieleza. Dereva akajibu kwa maandishi: "Nilipeleka nyama kwa bosi kwa maelekezo ya bosi." Barua ikarudi mezani pale pale. Baba Tunduma alikaa nayo hadi jioni, akalipa dizeli ya Tandika kutoka mfukoni mwake, akaandika chini: suala limefungwa.

Nyumbani karatasi ya ukutani ilibanduliwa bila maneno. Masurufu yakafa. Simu za uko wapi zikapungua, hazikwisha.

Baadaye kampuni ilianzisha zamu ya usiku ya kuangalia magari yaliyo njiani, saa kumi na mbili jioni hadi saa kumi na mbili asubuhi, nayo ina posho. Mume wangu yuko zamu hiyo. Anarudi asubuhi watoto wakienda shule, analala, akiamka anakuta kuku. Rimoti ya jioni imerudi kwangu, na mwenye lori la Mafinga anayetaka kutuuzia viazi kwa bei ya zamani anakaribishwa. Barua ya kuomba zamu ya usiku ilikwenda kwa meneja na saini ya Baba Tunduma, imepigwa chapa vizuri, haina kosa hata moja. Niliiandika mimi.